Sehemu ya Fisi

Kitengela,
10 Februari 2025

Kwako Nalangu,

Supa. Nimeanza na salamu ya Kimaasai ili ujue sijasahau ulichonifundisha bwenini.

Nakuandikia barua kwa sababu unanijua. Kwa simu maneno yananiishia kabla salamu haijaisha, halafu nasikia tu ukiuliza, "Shirleen, uko?" na mimi niko.

Tangu matokeo yatoke nimekuwa nyumbani nikiosha vyombo ambavyo tayari ni safi. Mwezi uliopita baba aliona tangazo kanisani. Kuna maktaba ndogo mtaani kwetu ambapo vijana waliomaliza shule wanafunzwa kutengeneza filamu fupi za hadithi. Hakuna waigizaji. Mtoto anasimulia, tunarekodi sauti yake, tunachora picha, kompyuta inaunganisha vyote, na maneno yanapita chini ya picha. Watoto wa Gredi ya Tatu watajifunza kusoma huku wakimsikiliza mtoto mwenzao. Mwalimu wetu anaitwa Madam Caro. Siku ya kwanza alitaka kila mtu ajitambulishe. Zamu yangu ilipofika nikataja jina, na kijana mmoja, Melvin, akasema, "Madam, huyu amepunguzwa sauti. Rimoti iko na nani?" Walicheka. Mimi pia nilicheka, kidogo.

Sasa kila mtu anatakiwa alete hadithi kutoka kwa mtoto anayemjua. Binamu zangu wanaosoma Laiser Hill wanajua katuni tu. Nikamkumbuka mdogo wako Naserian, ile siku ya wazazi shuleni kwetu Kajiado, alivyomsimulia askari hadithi mpaka akasahau kufunga geti. Unaweza kumrekodi kwa simu ya mama yako? Najua mtandao wenu hauwezi kutuma faili kubwa, kwa hivyo nimeweka memori kadi ndani ya bahasha hii. Hilowle, mwenye bucha karibu na kwetu, anakuja soko la huko kununua mbuzi. Atakuachia dukani kwa Nzisa na atapitia majibu hapo hapo.

Kama hataki, usimlazimishe.

Rafiki yako,
Shirleen Nalianya


Oltepesi,
23 Februari 2025

Shirleen wangu,

Ipa. Bahasha ilifika ikiwa na alama ya meno kwenye kona. Hilowle anasema ni mbuzi. Mimi nashuku ni yeye, maana alikuwa na njaa.

Kumlazimisha nani? Huyu mtoto ametulazimisha sisi. Nilimwambia, "Simulia ile ya mbuzi na kengele." Akasema, "Kwanza nioshe uso." Nikamwambia ni sauti tu, uso hauonekani. Akaniuliza, "Wewe unajuaje? Umesoma kompyuta?" Akaenda akaosha uso, akapaka mafuta, akavaa shanga za sherehe, ndipo akakaa. Nilipobonyeza akanyamaza kabisa. Nikamuuliza kuna nini. Akasema anangoja simu iwe tayari kusikia.

Hadithi ni yake mwenyewe, hakuna aliyemfundisha. Utasikia jogoo katikati. Tulimfukuza, akarudi, Naserian akasema aachwe kwa sababu naye ni msikilizaji. Mama hakuwepo, alikuwa ameenda kuuza maziwa. Koko, mama yake baba, alikaa mlangoni na ugoro wake, akajifanya hasikii, lakini alicheka mara moja na ukisikiliza vizuri utamsikia.

Mimi sijui nitafanya nini mwaka huu. Baba anasema chuo kitaongelewa mvua ikishakuja na ng'ombe wakinona. Kwa hivyo nangoja mawingu kama mkulima.

Naserian amesimama nyuma yangu sasa hivi ananiambia niandike hivi: mbuzi awe na ndevu, na asiwe mnene, kwa sababu ni mbuzi wa kiangazi.

Serian ake, amani tupu kwetu wote,
Nalangu


Kitengela,
9 Machi 2025

Nalangu,

Jana nilicheza sauti ya Naserian mbele ya darasa zima. Nilitaka kukimbilia nje, lakini alipoanza nikasahau kwamba niko hapo.

Pale mbuzi analia apewe kengele ya mbuzi kiongozi, wakatabasamu. Pale anapewa, halafu kila akinyata kwenda kuiba mahindi kengele inamtangaza, wakaanza kucheka. Lakini sehemu ya fisi, Nalangu. Pale fisi anafuata ule mlio usiku na mbuzi anaona hana pa kwenda, akamwambia, "Mzee, shingo nzuri kama hiyo inatembeaje uchi?" na fisi anainama avishwe ile kengele. Melvin alicheka mpaka akalala kwenye meza. Halafu ule mwisho, kwamba tangu siku hiyo fisi ndiye anayesikika akija na mbuzi wote wanalala vizuri, na yule mbuzi akaambiwa "asante" na fisi mwenyewe. Madam Caro alisema amefundisha watu wazima wasioweza kumaliza hadithi namna hiyo.

Nimeshachora mbuzi. Ana ndevu na mbavu zake zinahesabika. Fisi amenishinda, anatoka kama mbwa wa jirani. Muulize Naserian fisi wake anachechemea au la.

Ninaomba mambo mawili. Kwanza ajitambulishe, jina, gredi na anakotoka, kwa sababu kila filamu itaanza hivyo. Pili, sauti ya kengele ya kweli. Kadi nimeirudisha ikiwa tupu ili mpate nafasi. Yote yako salama kwenye kompyuta ya maktaba.

Mama yangu anawasalimu. Anauliza kama mama yako anapenda sukari guru, Hilowle ataibeba wakati mwingine.

Wako,
Shirleen


Oltepesi,
23 Machi 2025

Shirleen,

Fisi anachechemea mguu wa nyuma wa kushoto. Usikosee, nimeambiwa nikuambie kwa ukali.

Amejitambulisha. Imetuchukua asubuhi nzima kwa sababu alitaka kutaja na majina ya mbuzi wetu. Kengele ni ya yule beberu mweusi, na ni Naserian mwenyewe anayeitikisa huku akitembea, ndiyo maana unasikia pumzi yake. Shuleni amewaambia wote kwamba ataonekana kwa televisheni. Mwalimu wake amekuja kumuuliza mama ni stesheni gani. Mama akasema, "Mimi najua? Muulize mwenye televisheni, ndiye huyo anakula ugali."

Kila jioni ananiuliza filamu imefika wapi. Nikimwambia bado, ananiangalia kama mimi ndiye ninayeichelewesha.

Mvua imeanza huko juu Ngong. Kwetu bado ni vumbi, lakini korongo limeanza kupitisha maji ya watu wengine. Sukari guru mama anapenda sana.

Serian ake,
Nalangu


Kitengela,
21 Aprili 2025

Nalangu,

Pasaka njema, hata kama imechelewa. Hilowle amekaa bila kuja huko kwa muda kwa sababu barabara ilikatika, na nimempigia mama yako simu mara kadhaa, haishikiki. Natumai ni chaji tu.

Filamu imekamilika kasoro maneno ya chini. Fisi anachechemea sawasawa. Nilikuwa nikiiangalia na mamangu, na Naserian alipojitambulisha, mama akamjibu, "Karibu, mwanangu," kama mtu aliyepigiwa hodi.

Siku ya maonyesho ni tarehe 21 Juni, hapa ukumbini. Watoto wa shule za karibu watakuja na wazazi. Madam Caro amesema wasimuliaji wote wakae mbele. Nimemwekea Naserian kiti katikati. Mje wote, mlale kwetu. Kitanda changu ni chenu, mimi nitalala na mamangu.

Nijibu haraka,
Shirleen


Oltepesi,
4 Mei 2025

Shirleen,

Siku ya kufunga shule mvua ilinyesha Ngong na maji yakaja kwenye korongo wakati watoto wanavuka. Wenzake walifika upande wa pili. Mdogo wangu hakufika. Walimpata chini kesho yake. Tumemzika.

Barua yako ya Pasaka nimeipata leo. Sitakuja Juni.

Usiandike mengi.

Nalangu


Kitengela,
11 Mei 2025

Nalangu, dada yangu,

Uliniambia nisiandike mengi na nimejaribu. Nimechana karatasi nyingi. Mama alilia jikoni, baba akazima redio na haijawashwa tena.

Sijui maneno ya kwenu ya wakati kama huu, kwa hivyo nitakupa ya kwetu. Kwetu Bungoma mtu akienda tunaendelea kumwita. Mimi nilipozaliwa nililia bila kunyamaza, na kukhu, bibi yangu, akakaa karibu nami akitaja majina ya watu wetu waliokufa, moja baada ya jingine. Alipofika kwa Nasimiyu, shangazi yangu, nikanyamaza. Ndiyo maana nyumbani naitwa hivyo. Shangazi sikumwona, lakini kila siku anaitwa kuja kula, kila siku anagombezwa kwa kuacha mlango wazi. Bibi anasema aliyekufa hasa ni yule ambaye jina lake halina mtu wa kuliita.

Basi sisi hatutaacha kumwita Naserian. Nimebadilisha jina la filamu. Sasa inaitwa "Naserian na Kengele ya Mbuzi", na mwanzoni jina lake linakuja peke yake, kubwa, kabla ya picha yoyote. Naserian, Naserian, watoto wote wa Kitengela watalisoma. Madam Caro amechapisha bango, na hilo ndilo limekunjwa humu. Kwenye kadi kuna filamu nzima. Mwekee mama yako asikie. Nilifikiri, akisikia sauti yake ikisema mimi naitwa Naserian, atajua hajapotea kabisa.

Sukari guru ni kutoka kwa mamangu. Anasema hajui kitu kingine cha kutuma.

Nakulilia,
Shirleen


Kitengela,
1 Juni 2025

Nalangu,

Hilowle anasema alikupa kifurushi mkononi ukaenda nacho nyuma ya duka. Soko lililofuata alikungoja kwa Nzisa, hukuja.

Sitaki unijibu kama huna nguvu. Nataka tu kujua kama filamu ilimfikia mama yako. Kama kuna kitu nilikosea kwenye picha, nina wakati wa kurekebisha kabla ya tarehe 21.

Shirleen


Oltepesi,
8 Juni 2025

Shirleen,

Barua yako niliisoma nyuma ya duka la Nzisa. Nilipoona ulichoandika nikaikunja na kuiweka ndani ya nguo. Nilitaka kuficha na bango. Lakini nilifika nyumbani nikiwa nimebeba sukari na kila mtu akataka kuona kilichokuja. Binamu yangu mdogo akakunjua ile karatasi. Ameanza kusoma juzi tu na anajivunia. Akasoma kwa sauti, herufi moja moja, mbele ya Koko, mbele ya wageni waliokuja kukaa nasi, mbele ya mama. Nikamnyang'anya. Wakati nahangaika naye, shangazi akawa ameshaweka kadi kwenye simu yake, akidhani ni nyimbo za kanisa. Ikatoka ile sauti ikijitambulisha.

Haikuenda mbali zaidi ya hapo. Koko aliichukua simu akaitoa kadi, akaitupa motoni. Mama alitoka nje. Alirudi giza likiwa limeingia na hakumsalimia mtu.

Hukujua. Najua hukujua. Lakini tulilala chumba kimoja miaka minne, Shirleen. Ulishawahi kunisikia nikimtaja kaka yangu? Nilikuwa na kaka. Hukuuliza, na mimi sikukuambia, kwa sababu kwetu haisemwi. Si Wamasai wote wanaoshika siku hizi, kuna walokole ambao wanaweka hata picha kaburini. Nyumbani kwa Koko tunashika. Mtoto akienda, jina linaenda naye. Ukiliita unamgeuza shingo njiani, na anayeumia ni aliyemzaa. Hata ile salamu niliyokuwa nikimalizia barua hatuisemi tena hapa, kwa sababu iko ndani ya jina. Tukikutana asubuhi tunatafuta maneno mengine, na kila siku hayatoshi. Wewe ukaliandika kubwa, kwa rangi nyekundu.

Unaniambia huko kwenu aliyekufa ni asiyeitwa. Sawa. Huyu si wa huko kwenu.

Futa kila kitu. Usitoe jina peke yake ukabakisha mengine, sauti ni ile ile. Hizo za kwanza pia, na za kengele. Usibakishe mahali popote. Huku hakuna, simu ya mama ilijaa, kila nikikutumia nilikuwa nafuta. Kwa hivyo ukifuta wewe imekwisha, na hiyo ndiyo ninayotaka, iishe.

Nalangu


Kitengela,
22 Juni 2025

Nalangu,

Nimefuta.

Nakuambia nilivyofanya ili usiwe na shaka. Nilimpa Madam Caro barua yako aisome, maana kusema singeweza. Alipomaliza akasema, "Shirleen, kata jina tu. Au iweke kando mwaka mmoja, watu hubadilika." Melvin naye alisema anaweza kuificha kwenye diski yake, hakuna atakayejua. Ni mara ya kwanza nimemsikia akiongea bila mzaha. Nikawaambia hapana. Nilisema hivyo mara moja tu lakini nadhani walinisikia. Nikafuta faili za kwanza, za pili, kengele na filamu nzima, nikamwaga hata pipa la taka la kompyuta. Mabango tuliyachoma nyuma ya maktaba.

Nilitaka kuondoa na hadithi. Lakini jana asubuhi watoto walikuwa tayari wamekaa, kiti cha katikati kikiwa kitupu, na filamu yangu ilikuwa picha bila sauti. Madam Caro akauliza tuiruke? Nikachukua kipaza sauti. Sijui ni nani aliyesimama, kwa sababu moyoni mimi nilikuwa bado nimekaa. Niliwaambia, "Hadithi hii ni ya mtoto wa Oltepesi," basi, na nikaisimulia picha zikipita. Sikubadilisha neno. Niliisikiliza kwa miezi nikiikata na kuiunganisha, naijua hadi mahali pa kuvuta pumzi. Walicheka pale pale pa fisi.

Kama hata hilo lilikuwa kosa, niambie, na sitarudia.

Sikuombi unisamehe upesi. Nililala juu yako kitanda cha juu miaka minne na sikuuliza kama ulikuwa na kaka. Nilidhani kunyamaza ni adabu. Pengine ilikuwa ni woga tu.

Shirleen


Oltepesi,
17 Agosti 2025

Shirleen,

Nimechelewa. Barua yako niliisoma mara nyingi, na kila mara nilikuwa na jibu tofauti, kwa hivyo sikuandika lolote.

Hapana, halikuwa kosa. Ulifanya nilivyosema, na ulivyofanya ukumbini, nadhani angependa. Angekusahihisha, lakini angependa.

Nakuandikia kwa sababu ya mama. Tangu ile siku hajasema kitu kuhusu bango wala kadi. Jana tulikuwa tunakama, sisi wawili tu. Akaniuliza bila kuniangalia, "Yule rafiki yako wa Kitengela, bado ako na ile sauti?" Nikamuuliza sauti gani, ingawa nilijua. Akasema, "Jina wasiliweke. Mimi nataka tu ile mambo ya fisi. Nitasikiliza peke yangu huko nje, Koko hatajua."

Shirleen, siku ile kadi ilipochomwa hakuna mtu aliyemuuliza mama. Koko alisema, shangazi akasema, na mimi nikakuandikia barua kwa hasira kana kwamba nimetumwa na nyumba nzima. Nilikuwa nasema yangu. Singeweza kuisikia ile sauti na nikadhani hakuna anayeweza.

Nimejaribu kumsimulia mwenyewe. Nikifika kwa fisi nainuka nikaangalie mbuzi.

Je, hakuna mahali imebaki? Hata kidogo. Hata pumzi ile ya kutikisa kengele. Umesema ulifuta yote, lakini watu wa kompyuta huwa wanasema hakuna kinachopotea. Nimemwambia mama nitakuuliza. Anangoja soko la wiki ijayo, anamuuliza Nzisa kama Hilowle amepita.

Nalangu


Kitengela,
24 Agosti 2025

Nalangu,

Nilipomaliza kusoma nilienda maktaba bila kuvaa viatu vizuri. Melvin aliacha kazi yake akakaa nami siku mbili. Kuna programu za kurudisha vilivyofutwa, alizijaribu zote. Lakini kompyuta ile imetumiwa na kundi jipya tangu Julai, wamejaza filamu zao juu ya mahali pale. Tulipata picha ya fisi, nusu, na faili moja yenye jina nililoipa siku ile. Melvin akaifungua. Ni mngurumo tu, kama upepo. Alinitazama akasema, "Nasimiyu, haipo." Hajawahi kuniita hivyo. Nikamuuliza Madam Caro kama alibakisha nakala bila kuniambia. Nilitamani sana awe ameniasi. Akasema, "Ulinishika mkono ukaniomba, mwanangu. Ningewezaje?"

Haipo. Mwambie mama yako hivyo hivyo. Usimwambie labda, usimwambie tunaendelea kutafuta, maana ataendelea kumuuliza Nzisa. Mwambie aliyebonyeza ni mimi.

Tena, usimwambie kwanza. Nataka nije nimwambie mwenyewe, kwa mdomo. Hilowle amekubali kunibeba Jumamosi ijayo, baba ameruhusu. Kama mama yako hatanitaka nitakaa dukani mpaka Hilowle amalize soko, na nitarudi naye.

Na kama atataka, naweza kumsimulia. Sina sauti yake. Nina namna yake tu: pale alipoharakisha, pale alipokawia makusudi ili tuulize "halafu?", namna fisi wake alivyosema asante kama mtu mwenye haya. Nimekuwa nikifanya mazoezi chooni, mamangu anadhani nasali. Jina sitalitaja. Ile salamu pia sitaisema. Nifundishe nyingine ya kusema nikifika mlangoni.

Shirleen


Oltepesi,
27 Agosti 2025

Shirleen,

Nzisa amepata mtu wa pikipiki anayekuja huko leo, ndiyo maana hii itakufikia kabla hujaondoka.

Nilimwambia mama. Nisamehe, nilishindwa kuisubiri Jumamosi huku naye ananiangalia kila nikitoka dukani. Nilimwambia haipo, na kwamba wewe ulitaka kumwambia uso kwa uso. Aliendelea kuosha kibuyu. Alikiosha muda mrefu, kilikuwa kimeshatakata. Halafu akauliza, "Huyo msichana anakunywa maziwa yetu, ama ni wale wa chai?" Nikamwambia unakunywa. Kwa hivyo utakunywa, hata kama yana ladha ya moshi.

Usiogope Koko. Nimemwambia unakuja na akasema mgeni ni mgeni. Mlangoni utasema "Supa" tu, inatosha, na utainamisha kichwa kwa Koko akuguse.

Kuhusu hadithi, nilimuuliza mama kama unaweza. Akasema ndiyo. Akasema uanze mwanzo, usiende moja kwa moja kwa fisi, na usiharakishe. Nikamwambia, "Lakini mama, si unaijua? Aliisimulia kila siku hapa." Akaketi chini, kibuyu mapajani. Akasema hajawahi kuisikia mpaka mwisho. Kila mara mtoto alipoanza, yeye alikuwa anamtuma akamletee kitu.

Njoo mapema.

Nalangu